Kompresa Aliyeachana na Ugali

Jina la Kompresa halikutoka kwa wazazi, wala hakuna kikao kilichokaa kulichagua. Lilitoka tumboni, tena mchana kweupe.

Ilikuwa Mpemba, barabara kuu, kwenye kijiwe ambapo Clever anaziba pancha za malori yanayosubiri zamu ya kusogea mpakani Tunduma. Dereva mmoja mtu mzima alikuwa anaongea na simu, upande wa pili mkewe analalamika kwamba hamsikii vizuri. Yule mzee akamgeukia Clever, akamwambia kwa upole kabisa, "Kijana wangu, hebu zima hiyo kompresa kidogo niongee na mama watoto."

Shida ni kwamba kompresa ilikuwa imezimwa tangu asubuhi. Umeme haukuwepo. Kilichokuwa kinanguruma ni tumbo la Clever, ambalo muda si mrefu lilikuwa limepokea ugali wa kushiba na dagaa.

Ezron, anayefanya naye kazi pale pale kijiweni, alicheka mpaka akadondoka kwenye tairi alilokalia. Na Ezron sio mtu wa kuacha kitu kipite hivi hivi. Jioni hiyo hiyo status yake yote ilikuwa stori ya Clever. Jumapili iliyofuata, kanisani Chapwa, mchungaji aliposema tuinamishe vichwa tuombe kimya kimya, tumbo likaanza, mtu mmoja nyuma akanong'ona "imewaka hiyo", na benchi zima la kwaya likaharibika. Baada ya hapo hakukuwa na namna. Mpaka madereva wa Zambia wakifika wanaulizia kwa heshima zao, Ba Kompresa yuko wapi, kuna pancha ya nyuma aje aiangalie.

Clever alikuwa anacheka na wenzake, maana kwenye vijiwe vya Mpemba ukinuna tu umekwisha. Ila ukweli alikuwa anateseka. Akila, tumbo linajaa kama ngoma. Linakata, linatulia, linakata tena. Kuna siku alimwacha tajiri wa watu na lori limepandishwa kwenye jeki, akakimbilia choo cha jirani, na aliporudi akakuta Ezron anamwambia tajiri kwamba fundi ameenda kukagua presha.

Aliyemsukuma aende hospitali ni Tabita. Huyu ni binti fundi cherehani pale Tunduma mjini, kwao ni Ikinga, kule Ileje, na Clever anampenda mpaka Ezron anaona kero. Tabita mwenyewe kwenye simu yake alikuwa amemsevu "Kompresa", lakini kwenye afya alikuwa hatanii. Clever akaenda, akapimwa hiki na kile, hakukutwa minyoo wala vidonda. Daktari akamwambia ajichunguze kwenye chakula: aache kwanza kile anachokula zaidi, aone tumbo linasemaje, halafu arudi waongee.

Anachokula zaidi. Sasa hesabu mwenyewe. Asubuhi uji, saa nne maandazi, mchana ugali, usiku ugali, sikukuu wali, kwenye harusi pilau na chapati. Ukitoa nafaka kwenye siku ya Clever kinachobaki ni chumvi.

Akaamua kuzitoa zote. Mahindi, mchele, ngano, ulezi, mtama, kwaheri.

Nyumbani Chapwa ikawa msiba. Mama yake, Restuta, ni mtu wa Mbozi, na kwake mahindi sio chakula tu, ni ndugu. Yana magunia yao sebuleni, yamepangwa mpaka dirishani, wageni wanakaa kwa kujibana ili magunia yapate nafasi. Leo mtoto aliyekuzwa na magunia hayo anasukuma sahani pembeni. Mama aliuliza kama kuna mtu amemkosea. Majirani wakauliza kama ni mfungo wa kanisa jipya, na kama ni hivyo, mbona anakula mayai.

Swali la wote likawa moja: sasa unakula nini? Alikuwa anakula viazi, magimbi, mihogo, maharage, mboga za majani, na maparachichi ya Mbozi ambayo moja tu linakushibisha. Na chipsi. Jamani, chipsi zilimwokoa. Shida ya chipsi ni kwamba Tunduma ukionekana unakula chipsi kila siku, watu wanajua una hela. Ezron akasambaza kwamba jamaa ameshinda mkeka wa kubeti, na kwa wiki nzima watu walikuwa wanakuja kijiweni na matatizo yao ya kifamilia.

Mwanzoni tumbo halikunyamaza, na hapo ndipo mwamba alipotaka kukata tamaa. Viazi anakula, ugali hagusi, bado linanguruma. Kumbe kila mchana, jua likiwa kali, alikuwa anashusha jagi la munkoyo, kinywaji cha kienyeji cha Zambia, kwa mama mmoja wa Nakonde anayevuka mpaka kuja kuuza. Kwa akili yake munkoyo ni mizizi. Si kila siku anaona mizizi imefungwa mafungu sokoni? Siku moja akamsifia yule mama kwamba kinywaji chake ndicho pekee kisicho na nafaka, na mama akamwangalia kama mtu anayemwangalia mtoto aliyepotea sokoni. Akamweleza taratibu kwamba mizizi ni ya kuchachulia tu. Kinachochachuliwa ni uji wa mahindi. Clever alikuwa ameacha ugali wa kula, akawa anaunywa.

Munkoyo nao ukapigwa chini. Na hapo ndipo mambo yakabadilika.

Tumbo likanyamaza. Yaani kimya. Asubuhi anaamka mwepesi, anatembea kama mtu aliyeshusha gunia. Anakula, anasubiri vurugu, vurugu haziji. Anainama kufungua nati, tumbo linainama naye bila ugomvi. Ezron alimwekea sikio tumboni mbele ya madereva, akasikiliza kwa muda, akatangaza kwamba umeme umekatika mpaka taarifa nyingine. Clever alikuwa na furaha ya kuudhi. Alikuwa anaimba kazini. Kanisani, kwenye maombi ya kimya, ndiye alikuwa anaomba yaongezwe.

Na ni katikati ya raha hiyo Tabita akamletea habari: nyumbani Ikinga wanataka kumwona. Aje na mshenga wake, rasmi.

Sasa sikiliza utaratibu wa kwa kina Tabita, maana hapa ndipo mtihani ulipo. Kwao posa haipokewi kwa maneno, inapokewa kwa sahani. Mchumba anaandaliwa sahani yake peke yake, shangazi anaifunika mwenyewe, anaileta mwenyewe, halafu anarudi kuichukua. Sahani ikirudi tupu, mazungumzo yanaendelea. Ikirudi na chakula, mshenga anaambiwa kwa adabu sana arudi baada ya mavuno, na hakuna anayesema mavuno ya mwaka gani. Kabla ya Clever kuna kijana aliwahi kufika pale ameshashiba maandazi ya njiani, akaacha nusu. Tabita alimwambia Clever habari hiyo bila kucheka.

Clever akaenda moja kwa moja kwa mjomba wake Danieli, aliyekuwa mshenga. Akamwomba, kwenye simu za maandalizi awaambie mapema kwamba kijana hali nafaka kwa sababu ya tumbo. Mjomba Danieli ni mkulima wa kahawa na mahindi Mbozi, suti moja, heshima nyingi. Akamjibu kwamba hilo aliache kwake. Siku chache baadaye Clever akauliza, mjomba akasema limeisha.

Safari ikawa tamu. Wakashika barabara ya Isongole, halafu bodaboda mpaka Ikinga, milima imefunikwa na kijani, na pande zote mbili za njia ni migomba. Migomba mpaka uani, mpaka nyuma ya choo. Clever akiiangalia alikuwa anatabasamu peke yake juu ya pikipiki kama mjinga. Watu wa huku chakula chao ni ndizi. Yaani Mungu angempangia ukweni kwa kutumia karatasi ya daktari asingepatia hivi.

Walipokelewa vizuri, wakasalimia, wakanawa. Kutoka jikoni ilikuwa inakuja harufu ya ndizi na maharage, nzito, ya kukufanya usahau salamu. Clever hakuwa amekula tangu alfajiri, makusudi, ili sahani isimshinde. Shangazi Ferista, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mwalimu wa zamu, akaingia na sahani ya mchumba. Akaiweka mbele yake. Akafunua.

Ugali. Mweupe, mrefu, umepigwa mwiko mpaka unang'aa, na paja la kuku limeegemea pembeni.

"Mshenga wenu alitupa habari," Shangazi Ferista alisema akiwa na furaha. "Alisema kijana ni mtu wa ugali, tusimsumbue na vitu vingine. Tumeuza mikungu yetu tukafuata unga mpaka Tunduma."

Clever akamgeukia mjomba. Mjomba alikuwa anaangalia dari, na nyumba ile haina dari.

Ndio hivyo. Mtu wa Mbozi mzima kaona aibu kusema kwenye simu kwamba mpwa wake hali ugali. Kaona wataudharau ukoo. Na watu wa Ikinga, wenye ndizi mpaka nyuma ya choo, wameziuza ili mgeni apate chakula cha kwao.

Clever akamega tonge, akaliviringisha mkononi. Akaliviringisha tena. Akiula ugali huo, sahani inarudi tupu, Tabita ni wake, na kabla chai haijaletwa ile kelele itaanza mbele ya wakwe wote, halafu mateso ya kule nyuma yote yanarudi. Akiuacha, mavuno. Na mchumba haruhusiwi kuongea. Mchumba anasemewa na mshenga, na mshenga ndiye huyo anakagua bati.

Harufu ya ndizi ikaingia tena mlangoni. Na tumbo, baada ya wiki zote zile za ukimya, likaamka. Halikuwa limekorofishwa na kitu. Lilikuwa na njaa tu. Lakini lilinguruma vile vile kama zamani, mngurumo mrefu, wa kupanda na kushuka, mpaka baba yake Tabita akasimama akaenda mlangoni kuchungulia kama kuna lori limekwama mlimani.

Kwenye mlango wa jikoni Tabita alikuwa ameziba mdomo kwa khanga, mabega yanamtetemeka.

"Baba, sio lori," Clever alisema. "Ni mimi."

Mjomba Danieli akamkanyaga mguu chini ya meza. Clever akautoa mguu akaendelea, maana kama kuharibu alishaharibu. Akaeleza tumbo lake tangu mwanzo, dereva na simu, kanisani, daktari, viazi, munkoyo, mpaka jina la Kompresa akalitaja mwenyewe kabla hajatajiwa. Akasema chakula walichompikia anakiheshimu, na wakimwambia akile atakila mpaka sahani ing'ae, hata kama kesho atashindwa kupanda pikipiki.

"Ila kama hamtaniona mkorofi, shangazi," akamalizia, "naomba hicho kinachonukia jikoni."

Shangazi Ferista akatikisa kichwa. "Hicho ni cha kwetu cha kila siku. Mgeni hapewi hicho."

"Ndiyo maana nakiomba."

Baba yake Tabita akakohoa, kikohozi cha mtu anayeficha kitu kingine. Shangazi akainama, akaichukua ile sahani ya ugali. Moyo wa Clever ukashuka mpaka kwenye soksi. Lakini shangazi hakuelekea jikoni. Akazunguka meza, akaiweka mbele ya mjomba Danieli, ambaye sahani yake mwenyewe alikuwa ndio anakaribia kuimaliza.

"Sahani ya mchumba hairudi na chakula nyumba hii," alisema. "Mtu wa ugali ni nani, mshenga? Tulisikia wewe."

Halafu akaagiza jikoni lipakuliwe bakuli la ndizi. Clever hakuletewa mezani. Akaitwa akae kule kule na wa nyumbani, kwenye kigoda, Tabita akimpakulia na kumwambia chinichini kwamba amemwaibisha mpaka basi, huku akimwongezea maharage. Jamaa alikula mabakuli mawili. Kutoka sebuleni ilikuwa inasikika sauti ya shangazi akimhimiza mjomba asiogope, ajisikie nyumbani, bado kidogo.

Sahani ilirudi tupu. Ilichukua muda, lakini ilirudi tupu, na mazungumzo yakaendelea mpaka siku ya kuleta barua ya posa ikapangwa.

Wakati wa kushuka Isongole walikuwa kimya. Clever kimya cha furaha, anatuma ujumbe kwa Ezron kwa mikono yote miwili. Mjomba kimya cha mtu aliyebeba unga wa watu wawili. Walipopanda gari na kushika lami, kikaanza kitu. Kwanza taratibu, kama mtu anavuta kiti chumba cha pili. Halafu kikapanda. Dereva wa gari akapunguza mwendo, akauliza kama kuna aliyesikia hiyo sauti kwenye gurudumu la nyuma.

Clever ni fundi. Akamwambia dereva aendeshe tu, gurudumu liko salama, hiyo ni presha ya mshenga.

Walipofika Mpemba, Ezron alikuwa amesimama barabarani anawasubiri, na jina lilikuwa limeshapata mwenyewe mpya: Kompresa Mkubwa, wa Mbozi. Yule mdogo sasa anaitwa Clever tu, kama mtu wa kawaida, na anasema kuna siku anaikumbuka ile heshima ya Wazambia. Mama Restuta naye ameanza kuchemsha magimbi asubuhi, huku akiyaomba radhi magunia. Kilichobaki ni kikao cha harusi, ambapo mtu mmoja ameshauliza pilau itakuwepo au bwana harusi atatuletea mambo yake.

Nyie mnaokula ugali na tumbo linawaheshimu, kuleni, hakuna anayewazuia. Ila wewe ambaye tumbo limewahi kukuumbua, iwe kanisani, ukweni, kwenye usaili wa kazi au kwenye mtihani, usipite kimya kimya. Shusha stori yako hapo chini: lilikuumbua wapi, mbele ya nani, na ulikuwa umekula nini. Na kama walikupa jina, litaje pia, tucheke pamoja.