Wasia wa Somo Alawiya

Faza nzima, hakuna mwanamke asiyemjua Bi Alawiya. Msichana akivunja ungo, mamake hamsemeshi neno. Humvisha buibui akampeleka kwa somo, na somo ni Bi Alawiya. Yeye ndiye humfunda mwari kutumia vitambaa, kujitwahirisha, na kuvianika vitambaa hivyo chini ya kitanda, mahali ambapo hata paka dume hatavitia jicho. Na kabla ya kumruhusu arudi kwao, wasia ni uleule: "Yako ni yako. Usimwambie mtu, hata mamako."

Sasa mwalimu Mueni, mgeni kutoka bara, akamwomba aje shuleni. Wazee wa mji wangenuna kusikia mambo haya yanafundishwa ubaoni, lakini somo akiketi darasani watanyamaza. Bi Alawiya akaenda, lakini kwa hofu. Tusimsingizie, alichoogopa wakati huo ni aibu tu.

Mueni akaanza na vitambaa. Vianikwe juani, akasema, kwa sababu chini ya kitanda havikauki, na unyevu ule ndio unaowaletea muwasho. Darasa zima likamgeukia somo. Bi Alawiya akajifanya anatengeneza mtandio wake. Haya, hilo akalimeza.

Kisha Mueni akasema, "Mtu mzima akikugusa usivyotaka, au akikuita peke yako na kukwambia iwe siri, siri hiyo usiiweke. Mwambie mtu unayemwamini."

Hayat, mwari wa mwisho kufundwa na Bi Alawiya, akainuka polepole. Hakumtazama mwalimu.

"Somo, wewe uliniambia nisiseme. Niseme?"

 Bi Alawiya akamshika mkono mtoto, akamtoa nje mpaka nyuma ya tangi la maji, huku akiomba Mungu liwe jambo dogo.

Halikuwa dogo. Jeilani mwenye duka, ambaye mtaa mzima humwamkia, alikuwa akimpa Hayat pedi bure. Jana alimshika kiuno.

"Akanambia leo baada ya magharibi nipite ndia ya nyuma, niingie dukani kwa mlango wa nyuma," Hayat alisema. "Nikikataa atawaambia watu nishavunja ungo. Akasema, kwani somo wako hakukufunda kuwa mambo ya mwari hayasemwi?"

Maneno yake mwenyewe, kinywani mwa Jeilani. Bi Alawiya aliegemea tangi. Aliogopa ukoo wa Jeilani, akaogopa magharibi iliyokuwa ikija, na alipowakumbuka wari wake wengine, akaogopa hata kufikiri.

"Twende kwa mamako," akasema.

Rawiya, mamake Hayat, alikuwa uani akichagua mchele. Hayat alisimulia yote akiwa ameng'ang'ania buibui la somo.  Rawiya aliweka sinia chini, akamvuta mwanawe ubavuni, ndipo akamtazama Bi Alawiya, ambaye zamani alimfunda yeye pia.

"Mlango wa nyuma wa duka lile ni wa kijani," akasema. "Nilipokuwa mwari, Jeilani alikuwa akimshikia babake duka. Na mimi uliniambia nisimwambie mtu, somo. Sijamwambia mpaka leo."