Zamu ya Windows

Kwa fundi kompyuta wa Rusimbi nilimkuta mzee wa Ujiji, mwenye wake wawili na biashara ya dagaa Kibirizi. Simu yake ni kitochi, kwa hiyo wiki iliyopita fundi alimwekea Android kwenye kompyuta, pembeni ya Windows, apate WhatsApp. Haziwaki pamoja, ukiwasha mashine unachagua mojawapo.

Sasa mzee alikuwa amerudi na malalamiko.

"Nasikia Android umeipa robo tu ya nafasi."

"Inaitosha, mzee. Windows ndiyo nzito."

Mzee akavua kofia, akaiweka juu ya meza. "Gawa sawasawa. Sitaki lawama."

Fundi akaanza kugawa upya. Mara kitochi kikaita. Mteja wa Bujumbura alituma oda WhatsApp tangu asubuhi, boti inaondoka jioni, mbona kimya?

"Utajibiwa keshokutwa," mzee akamwambia kwa upole. "Leo na kesho ni zamu ya Windows."

Alipoondoka nikamuuliza fundi kwa nini hakumweleza kwamba kompyuta haina wivu.

"Nilimweleza siku ile ile nilipoiweka. Akaniuliza nina wake wangapi."

Mimi ninaye mmoja tu, kwa hiyo nami nikanyamaza.