Sweta tatu za Molo zilivyoficha shida ya moyo wa binti yangu

Wakuu, salamu kutoka Molo, kwenye viazi na baridi. Haya yamenipata mimi mwenyewe, sijaongeza chumvi.

Binti yangu Chebet ana miaka sita. Mwaka jana akikimbia kidogo tu, anachuchumaa na kuhema. Tukasema ni baridi. Huku kwetu kila kitu ni baridi.

Mama yangu akashika sindano zake za kufuma. Mtoto akihema, sweta mpya. Zikafika tatu, na kofia ya marvin juu. Chekeni tu.

Zahanati tulienda mara mbili. Daktari akitaka kumpima, mama yangu anamkinga mtoto: "Daktari, usimvue, baridi itamwingia kifua!" Basi anapimwa juu ya sweta. Na mimi mtu mzima naitikia kwa kichwa.

Siku moja Chebet akazimia akifukuza ndama. Niliogopa sana, wakuu. Nikampeleka Nakuru pamoja na mama.

Daktari wa watoto huko hakubishana na mtu. Alimwambia mama yangu tu, "Shosh, nisaidie kumvua hizi sweta, wewe ndio amekuzoea."

Mama akazitoa moja moja. Kifaa cha kusikilizia moyo kikagusa ngozi. Daktari akasikiliza kwa muda mrefu, akasema moyo una sauti ya ziada, halafu akatutuma echo, ile picha ya moyo.

Kumbe valvu inayopitisha damu kwenda mapafuni ilikuwa nyembamba tangu azaliwe. Fikiria geti la boma limefunguka nusu, na ng'ombe wote wanataka kutoka. Moyo wake ulikuwa unasukuma hivyo kila siku. Baridi tuliisingizia bure.

Hakupasuliwa kifua. Waliingiza mrija mwembamba kupitia mshipa wa paja, puto dogo likafika kwenye valvu, likajazwa, njia ikapanuka. Bado anaenda clinic, lakini nina furaha mpaka naongea na viazi.

Nilichojifunza: mtoto akihema ovyo, apimwe kifua wazi. Si kila sauti ya ziada ya moyo ni ugonjwa, lakini daktari aisikie kwanza.

Jana tulishindana mbio hadi shambani. Akanipita. Katikati ya njia akasimama ghafla, na mimi nikamkimbilia.

Kumbe anavua sweta. "Shika, baba. Nasikia joto." Akaendelea kukimbia.

Nani mwingine hapa alilaumu baridi? Semeni ukweli. Mama atasomewa comments zote, anataka kujua kama hakuwa peke yake.