Kengele ya Mzee Mhina

Nichekeni tu, maana aibu niliyoipata juzi kwenye kilima cha kuingia Chanika sijui nitaificha wapi.

Aliyenifundisha mbio za baiskeli hapa Handeni ni Mzee Mhina, ambaye sasa ni marehemu. Sheria yake kubwa ilikuwa kwamba aliye mbele hageuki nyuma, kwa sababu baiskeli hufuata macho. Wewe ongea tu, wa nyuma atakujibu kwa kengele. Vilima vyote tulivipanda hivyo, mimi nikipayuka, yeye akipiga kengele yake kuukuu yenye sauti ya kukwaruza.

Basi juzi natoka Kwedizinga, nahema kama mbuzi aliyefukuzwa shambani, nikaisikia kengele ileile nyuma yangu. Nikasahau kabisa kwamba tulishamzika.

"Shikamoo, mzee," nikasema, macho mbele.

Kengele ikalia. Nikamweleza kwamba vijana wote wamehamia kwenye bodaboda, na kwamba siku hizi kwenye kilima hiki huwa nashuka na kuikokota baiskeli. Ikalia tena. Nikamwambia nimemkumbuka mno, njia imekuwa ndefu bila yeye. Hapo ikanyamaza.

Tulipofika juu nikageuka. Alikuwa Zaina, binti yake, juu ya baiskeli ya marehemu, na tenga la nyanya nyuma.

"Kaka, nilikuwa naomba njia tu," akasema, akijifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Ila ulipoanza kuongea na baba, nikashindwa kukupita."