Mizani Iliyokokota Miguu

Ninaikumbuka vizuri asubuhi moja ya ukungu pale Soni, mwanangu, wakati ujana ungali unanichemka. Nilikuwa fundi wa kompyuta kwenye kituo cha kukusanyia mboga za wakulima. Tulikuwa na seva moja, na ndani yake kompyuta pepe mbili, yaani mashine za kiprogramu tu zinazotumia chuma kimoja: yangu ya mizani, iliyoandika mzigo wa kila mkulima, na ya mwenzangu Ayubu, iliyopanga malori ya kushuka Mombo. Zote mbili ziliandika kwenye diski moja.

Wiki hiyo mizani yangu ilikokota miguu. Unapima gunia la karoti, unasubiri, unasubiri tena. Foleni ikafika barabarani, mboga zikaanza kunyauka, na dereva wa lori akasema akicheleweshwa tena atakwenda kubeba mzigo wa watu wengine. Mimi sikuwa na shaka: Ayubu ndiye anayeimaliza diski. Nikaenda kwa mkuu wetu, Mama Naomi, mtu mzima mwenye sauti ya upole. Nikamwamkia shikamoo, na kabla marahaba haijamtoka vizuri nikamwomba amwondoe Ayubu kwenye seva, na ikibidi kazini.

Akanitazama. "Umepima, au umekasirika?"

Akasema malori yakishaondoka tuizime mashine ya Ayubu kidogo, tuone. Tukaizima, Ayubu mwenyewe kasimama kando, kanuna. Mizani ikaendelea kukokota vilevile. Wahenga hawakukosea: kikulacho ki nguoni mwako.

Basi tukaanza kuchungulia mafaili ya mashine yangu, sote watatu, na Ayubu ndiye aliyeliona tatizo. Zamani, programu ya mizani ilipobadilishwa, seva iliambiwa ishike hali ya mashine ilivyokuwa, ili mambo yakiharibika turudi nyuma. Ni kinga nzuri ya muda. Ila isipoondolewa, kama hii yetu, kila jipya huandikwa pembeni, lundo linakua, na kutafuta jambo dogo kunakuwa kupekua lundo zima.

Na kazi ile aliifanya Mama Naomi peke yake. Angeweza kusema hajui. Yeye akacheka mpaka akashika meza.

"Nyani haoni kundule," akasema. "Niliiweka mimi, nikaisahau mimi."

Kisha akatoka hadi kwenye foleni, akawaeleza wakulima hivyo hivyo kwa Kishambaa, nao wakacheka naye.

Jioni tulitoa nakala rudufu kwanza, ndipo tukaliunganisha lile lundo na mafaili makuu ya mizani, taratibu, bila kulikatiza. Kesho yake gunia likitua tu kwenye mizani, risiti inatoka. Lori likaondoka mapema, dereva akipiga honi. Ayubu nilimwomba radhi, akanisamehe, na mpaka leo msimu wa matunda ya peasi haupiti bila kikapu chake mlangoni kwangu.

Mwanangu, mashine ikizorota usitafute mtu, tafuta sababu. Gusa kitu kimoja, tazama kinachotokea, ndipo ushike kingine. Kinga ya muda uiondoe kazi ikiisha. Na siku utakapogundua kosa ni lako, liseme wewe kwanza, hasa ukiwa na cheo. Walio chini yako watajifunza hapo kuliko katika semina yoyote.

Mungu akupe jicho la kuona kilichopo, moyo mwepesi wa kujicheka, na wenzako wa kukuvumilia kama mimi nilivyovumiliwa. Amina.