Klorini Kwenye Maji ya Kisima

Kazi yangu ni kuchimba udongo na kuchota maji ya watu ili nijue yana nini. Watu wakisikia hivyo hudhani nina akili nyingi. Mke wangu alishaacha kudhani.

Mwaka ule tulipewa eneo moja mbele ya Misungwi ambako zamani wanajeshi waliteketeza mabomu na risasi zilizopitwa na muda. Walichimba mashimo, wakapanga, wakalipua, wakafukia, wakaondoka. Baruti isiyoungua hubaki udongoni, na mvua huishusha kidogo kidogo mpaka kwenye maji ya chini. Wataalamu wa mabomu walitutangulia, wakatuchomekea vibendera vyekundu pale tusipotakiwa kukanyaga. Mbuzi wakala vibendera vitatu. Wiki ile tulitembea kwa adabu sana.

Mpakani mwa eneo hilo aliishi mama mmoja mjane, mkulima wa mpunga, na kisima chake kilikuwa karibu kabisa na mashimo. Binti yake alikuwa amerudi nyumbani kutoka Sengerema kujifungua mtoto wa kwanza, na sasa mtoto alikuwa na miezi minane, ameanza uji. Tangu aone vile vibendera, yule mama alikiacha kisima. Akawa anafuata maji kwenye pampu ya shule, karibu saa nzima kwa mguu, na goti lake bovu. Aliniuliza swali moja tu: mjukuu wake anywe maji ya kisima au asinywe? Nikamwambia asubiri vipimo. Akasubiri.

Kanuni yetu ni kwamba maji ya kisima yachotwe alfajiri, kabla mtu hajatia ndoo. Maana yake nilitakiwa kulala Misungwi. Lakini jioni ile shemeji yangu alikuwa na sendofu Buhongwa, sherehe ya kuagwa kabla ya kuolewa, na mimi ndiye nilikuwa mwenyekiti wa kamati. Nikajifanya mjanja. Nikamwachia mama chupa zangu sita, nikamfundisha namna ya kujaza, naye akanisikiliza kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. Kesho yake mchana nilizikuta mezani juu ya kitambaa cha kufuma, zimejazwa, zimefutwa, zinang'aa. Nikamsifu. Loh, nilimsifu sana.

Majibu yalitoka baada ya wiki tatu, kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza ulisema mabaki ya baruti hakuna. Wa pili sikuufungua. Nilimpigia simu hapo hapo.

"Mama, kisima chako ni kizima," nikamwambia. "Mtoto anywe."

Alimshukuru Mungu, kisha akanishukuru mimi, na siku nzima nilijiona mtu wa maana.

Ukurasa wa pili niliusoma siku kumi baadaye, nilipokaa kuandika ripoti. Maji yalikuwa na klorini. Klorini ni dawa inayotiwa kwenye maji ya bomba. Kisima cha kijijini hakiwi na klorini, hata kikiombewa. Bosi wangu aliitazama karatasi, akanitazama mimi, akauliza sendofu ilikwendaje.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa kwa mama. Shikamoo ikaitikiwa, kiti kikafutwa vumbi, nikauliza yale maji aliyatoa wapi. Akanieleza bila wasiwasi. Mvua ilikuwa imenyesha, kisima kilikuwa na tope, akaona maji yale hayafai kupelekwa ofisini. Kwa hiyo alimtuma mtu wa bodaboda Misungwi mjini akalete maji ya bomba, na ndiyo aliyonijazia.

"Ningekupaje maji ya tope, baba?" alisema. "Hata ya kunawa mgeni hapewi hayo."

Sikumkasirikia. Nilijikasirikia mwenyewe. Safari hii nilikuwa na kipimo cha mkononi, kilichokuwa kimetufikia juma lile, ambacho hugeuza maji rangi yakiwa na baruti. Tukaenda wote kisimani. Nikachota mwenyewe, nikatia dawa, tukasubiri. Maji yakaanza kuwa ya waridi, kisha yakawa mekundu kabisa. Hakuhitaji kuelezwa.

"Siku kumi nimempa kwa mkono wangu," akasema.

"Mimi ndiye niliyekwambia umpe."

Mama aligeuka, akarudi nyumbani. Alizunguka nyuma ya nyumba, na mimi nikamfuata kwa sababu sikujua mahali pengine pa kwenda. Binti alikuwa anamwogesha mtoto kwenye beseni la maji ya kisima. Mama akamwambia kwa Kisukuma, maneno machache. Binti alimwinua mtoto haraka, akasimama amemshika hewani, maji yanachuruzika, hajui amweke wapi. Nikaanza kueleza kwamba kuoga si sawa na kunywa, na kwamba nina gari, twende hospitali sasa hivi akapimwe damu. Nilikuwa naongea mwenyewe. Mama alinyoosha mkono akanichukulia chupa ya maji ya dukani niliyokuwa nimeishika, niliyokuwa nikiinywa njiani. Ilikuwa imebaki nusu. Akammwagia mjukuu wake kuanzia kichwani, polepole, akiyabania yafike chini. Yaliishia magotini.