Njeru Alitaka Kuoga Mwenyewe

Siku yangu ya kwanza kazini, katika hospitali moja ya Embu, mkuu wa idara alinipeleka moja kwa moja wodi ya wanaume. Mimi ni fizio, yaani mtaalamu wa tiba ya viungo, na nilitarajia kuanza na migongo na magoti. Akanionyesha wanaume waliokuwa wameketi vitandani wameinamia mito, wakihema.

"Hawa ni wa machimbo," alisema. "Vumbi la mawe limewatia makovu kwenye mapafu, na kovu haliondoki. Usimwahidi mtu kupona. Uliza kila mmoja ni nini kimemshinda nyumbani, uanzie hapo."

Mmoja wao alikuwa Njeru wa Gachoka, aliyechonga mawe ya kujengea tangu ujanani, kinga yake ikiwa kitambaa tu puani. Nilipomuuliza, mkewe Ciarunji ndiye aliyejibu.

"Ni kuoga, daktari. Ni mimi humwosha."

Njeru akageukia ukuta. "Na watoto wanaona," akasema.

Baadaye nilihamishiwa kituo cha afya upande wa Mbeere, nikaanza kumtembelea Njeru nyumbani kwake. Daktari msimamizi hakufurahia.

"Kendi, kuoga si ugonjwa."

"Kwake ndio ugonjwa wenyewe," nilimjibu. Akaniachia asubuhi za Alhamisi.

Bafu lao lilikuwa la mabati, nyuma ya nyumba. Kila alipojaribu kuoga mwenyewe, Njeru alikuwa akisimama, anainama kuchota maji, anajisugua haraka, pumzi inamwishia povu likiwa bado mwilini. Tukaweka kiti, tukainua beseni juu ya kreti. Nikamfundisha kuvuta hewa kwa pua, kisha kuitoa polepole midomo ikiwa imebanwa, kama mtu anayepoza uji, na kuinua mkono wakati wa kutoa pumzi tu. Akishamaliza, ajifunge taulo kubwa atulie, limkaushe lenyewe.

Mara ya kwanza alishikwa na hofu. Ciarunji aliingia mbio akamkuta sabuni imemwingia machoni, anatweta.

"Niacheni nife mchafu!" alifoka.

Sikurudi nyuma, naye Alhamisi iliyofuata alikuwa ananingoja. Tuliendelea hivyo wiki nyingi, mguu leo, mgongo siku nyingine. Asubuhi moja mlango wa bafu ulifungwa, kukawa kimya kirefu. Ciarunji akashindwa kuvumilia.

"Njeru, uko?"

"Niko. Usiingie!"

Ciarunji akaketi pale nyasini, akicheka huku anajifuta machozi.

Mapafu ya Njeru hayakupona. Aliishi miaka michache zaidi, ya mwisho akisaidiwa na mtungi wa oksijeni.

Sasa nimestaafu, niko Kinoru. Vijana wa fani yangu huniuliza kama haikunivunja moyo kuwahudumia watu wasiopona. Ilinivunja, tena mara nyingi. Lakini huwaeleza alichoniambia Ciarunji baada ya mazishi, tukiwa tumekaa jikoni kwake.

"Alipokuwa akinionea aibu, alikula chochote nilichompa, kimya. Siku alipojiogesha, jioni yake alisukuma sahani akaniuliza nani amemwaga chumvi yote hii. Daktari, nilifurahi mpaka nikasahau kumjibu."